Makaburi Yaliyofutwa kwa Mkate

Mwanga wa asubuhi huingia kanisani kwetu Te Rimuroa kwa ubavu. Hauna haraka. Hupenya dirisha la mashariki, lile lililochongoka juu, hutambaa ukutani, hufika kwenye nguzo ya tatu, na hapo ndipo ninapokuona, Tiopira. Adhuhuri nguzo ile ni laini, mti tu. Lakini mwanga ukija kwa ubavu, kila pigo la tezo lako huamka: hapa ulikaza mkono, hapa ulichoka, hapa nadhani nilikuita ukageuka, tezo likateleza. Mume wangu, umekufa siku nyingi, na bado unakosea kazi mbele ya macho yangu kila asubuhi.

Nafagia nikikutazama. Ndiyo kazi waliyonipa, mjane wa fundi kufagia nyumba ya Mungu aliyoijenga mumewe. Nafagia chini, napangusa viti, nafuta vioo. Juu sitazami. Juu ya nguzo yako, pale boriti inapolala, kuna karatasi, na aliyeiweka pale ni mimi.

Leo nimeegemeza ngazi ya kengele nikapanda kuishusha. 

Nisikilize, Tiopira. Hili sijawahi kukwambia, hata nilipokaa kilimani kwenye kaburi lako, peke yangu, nikiwa na nafasi ya kukwambia kila kitu. Nilikwambia habari za ndugu yako, habari za mvua, habari za mama yako na ulimi wake. Hili nikalizunguka.

Siku aliyokuja mchoraji hukuwepo. Ulikuwa tayari juu ya kilima, kando ya kanisa lako, umelala kati ya baba yako na wazee, na fito za uzio wa makaburi bado zilikuwa nyeupe. Alikuwa Mwingereza, Bwana Ansell, miguu mirefu, kofia ya ukindu, mifuko ya koti imejaa kila takataka. Alikuwa akizunguka koloni lote kuchora makanisa, yachapwe kitabuni huko kwao. Wazee wakanipa mimi nimwongoze, kwa kuwa Kiingereza nilikipata shule ya misheni. Nikambebea maji ya rangi.

Alilipenda kanisa lako. Nakwambia ili ufurahi kidogo kabla sijafika kwenye ubaya. Alisimama kibarazani akainua uso, akatazama paa lile kali, mbao zilizosimama wima, madirisha yenye ncha, akasema kwao majengo ya namna hii ni ya mawe, na kuyajenga huchukua umri wa watu watatu.

"Nyinyi mliziinuaje nguzo hizi?" akaniuliza.

"Kwa kamba, Bwana," nikamwambia, "na kwa kelele."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Sikumwambia kwamba sauti iliyoongoza kamba ilikuwa yako, na kwamba majira ya baridi yaliyofuata ugonjwa wa kifua uliichukua. Kwa nini nimwambie? Alikuja kuchora nyumba.

Akakunjua kigoda chake majanini, akachora. Mkono wake ulikuwa mzito. Penseli ilikuwa ikilia juu ya karatasi. Kanisa likatokea, na kengele, na mto nyuma. Halafu akageukia kilima. Akachora uzio, fito kwa fito. Akachora mbao za makaburi, kubwa na ndogo. Nikaiona yako, ile iliyolalia upande kwa sababu udongo ulititia baada ya mvua. Aliichora vilevile, imeinamisha kichwa. Nilifurahi, Tiopira. Nilifurahi kama mjinga, kwa kuwa mtu mwingine alikuwa amekuona.

Halafu nikaogopa.

"Bwana, picha hii itakwenda wapi?"

"Ulaya. Watu wataikata kitabuni, wataitia kwenye fremu, wataitundika."

"Wataitundika wapi?"

"Popote. Aghalabu chumba cha kulia. Picha ya kanisa hupendeza chumba cha kulia."

Chumba cha kulia. Nikawaona wageni nisiowajua wanakata nyama chini ya kaburi lako, wanaramba vidole, wanakutazama huku wanatafuna. Kwetu hata mtoto akitoka makaburini hunawa kabla hajagusa kiazi. Wafu hawakai na chakula. Nikasema, na nilisema mimi, hakuna aliyenituma, "Bwana, nakuomba uyaondoe makaburi."

Hakukasirika. Alirudisha kichwa nyuma, akafumba jicho moja. "Unajua," akasema, "kilima kitupu kitapumzisha jicho." Akatia mkono mfukoni, akatoa kipande cha mkate.

Nilidhani ameona njaa. Akanyofoa ile nyama nyeupe ya ndani, akaifinyanga kwa vidole mpaka ikawa kidonge, akaanza kufuta.

Nani angeniambia? Sisi tukikosea kwa mkaa tunafuta kwa kidole. Wao hufuta kwa mkate. Kila mchoraji, alikuja kunieleza baadaye, hutembea na mkate mfukoni, na wa jana ndio mzuri. Ndiyo kazi yao, hawana nia mbaya. Mkate ukapita juu ya baba yako. Ukapita juu ya wazee. Ukapita juu ya kichwa chako, Tiopira, ukaenda na kurudi, ukaenda na kurudi, ukawa mweusi. Akapuliza makombo yakamwagika majanini. Ganda lililobaki akalitia mdomoni, akalitafuna huku akitazama kilima chake kizuri.

Nami nikanyamaza.

Nilikuwa nimekukimbiza kutoka kwenye meza ya wageni, na mkono wangu huohuo ukakutupa ndani ya chakula. Ningepiga kelele, watu wangekuja, mama yako angekuja, na swali la kwanza lingekuwa nani aliyemwambia mgeni afute. Kwa hiyo nikachukua kopo la maji nikaenda mtoni. Nikanawa mikono mpaka ikauma, na mikono haikuwa imegusa kitu.

Jioni ile, nyumbani kwa mchungaji, alinakili picha safi ya kuondoka nayo. Ile ya kwanza akanipa mimi. "Yako," akasema, "kwa kunibebea maji." Alikuwa mtu mwema, na wema wake ukanikalia shingoni.

Niiweke wapi? Nyumbani napika. Kuichoma ni kukuchoma. Kuizika kilimani ni kukuletea mkate mara ya pili, safari hii kitandani kwako. Karatasi ambayo ni kaburi na ni chakula haina mahali duniani. Nikaipandisha juu ya nguzo yako, nikamwachia Mungu ahangaike nayo. Na nikaendelea kuishi, nikila, nikicheka na watu, nikimpikia mama yako.

Unamjua mama yako. Mereana mwenye ulimi. Meno yamemwisha lakini samaki wa mtoni hajamwacha, na samaki wetu ni miiba mitupu. Kila jioni namtolea miiba kwa vidole vyangu, mmoja mmoja, naweka nyama upande wake wa sahani, naye anakula bila kutazama. Bila kutazama, Tiopira. Mtu hukuamini vipi zaidi ya hapo?

Halafu akaja Pritchett na kondoo wake. Alinunua ardhi inayozunguka kanisa kwa watu wa ng'ambo ya mto, akachoma nyasi wakati wa kiangazi ili apate malisho, na moto ukapanda kilima. Upepo, alisema. Fito zikaungua, mbao zikaungua, yako iliyoinamisha kichwa ikaungua. Mvua ilipokuja nyasi zikaota juu yenu nyote, kijani, changa, tamu kwa kondoo. Sasa anasema kilima ni chake, kimo ndani ya mpaka, na hapakuwahi kuwa na kaburi pale. Ndiyo maana mahakama ya ardhi ikaja kukaa shuleni kwetu, na jana ilikuwa zamu ya kilima.

Ndugu yako Paratene ndiye aliyetusemea. Alihesabu majina yenu, nani kalala kando ya nani, na sauti haikumkatika hata alipofika kwako. Pritchett akangoja amalize. Halafu akakunjua picha.

Ilikuwa ile ya kitabuni, iliyochapwa, yenye rangi. Kanisa lako jeupe katikati. Kengele, mto. Na kilima, kitupu, kijani, kimelainishwa kikalainika. Chini yake maneno ya Kiingereza: imechorwa mahali penyewe kama ilivyoonekana. Pritchett akayasoma taratibu, kama mtu anayesoma Zaburi.

Nami nikaona jambo nisilolijua. Juu ya kilima, palepale ulipofutwa, Bwana Ansell alikuwa ameongeza mtu, ili kanisa lionekane refu. Mwanamke mwenye shela, mgongo umetugeukia, anapanda na kikapu cha viazi. Shela ilikuwa yangu. Katika vyumba vyote vya kulia vya Ulaya, Tiopira, mimi nimesimama juu ya kifua chako na chakula mgongoni.

"Shemeji," Paratene akaninong'oneza, maana yeye huficha hofu kwa mzaha, "huyo mwanamke viazi anampelekea nani? Kondoo?"

"Kama ni Pirihira," mama yako akasema, wala hakunong'ona, "mchoraji kampunja makalio."

Watu wakacheka, wakapata nafuu kidogo. Mimi nilikuwa naitazama shela.

Jaji hakuwa mtu mkali. Alikuwa amechoka, miguu imemvimba, alitaka jambo liishe. Alisema ana neno la watu upande mmoja na picha upande mwingine, na picha haina ndugu kilimani. Basi, kama hakuna ushahidi mwingine, kesho asubuhi watachimba waone.

Mkalimani alilitafsiri neno hilo kwa sauti ndogo. Watu waliolia kwa kila kitu hawakulia. Mama yako aliteremka kutoka kwenye benchi, taratibu, akaketi sakafuni, mikono yake miwili imelala kwenye mbao za sakafu kana kwamba anawafunika wafu wake. Paratene akasema, "Koleo la kwanza litapita kwangu." Hakuwa anafanya mzaha tena.

Nami nikanyamaza. Nilikuwa na dawa juu ya nguzo, nikaiacha hukohuko, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa na mkate ndani yake. Nikarudi nyumbani na mama yako, nikakaanga samaki, nikamtolea miiba. Alikula kidogo. "Vidole vyako vina haraka leo," akaniambia. "Usinisahaulie mwiba." Nikamwambia nimeiona yote.

Basi asubuhi hii nimesimama hapa, ngazi nyuma yangu, karatasi mkononi, vumbi lake kwenye nywele zangu. Nimeitazama mbele yangu: kilima kitupu. Mkate ulifanya kazi yake. Nikataka kuirudisha, nakiri, nikataka kusema haina kitu, nimejitahidi, Mungu ameona. Halafu mwanga ukafika kwenye nguzo ya tatu. Makosa ya tezo lako yakaamka moja baada ya jingine, nami nikailaza karatasi kwenye kiganja, mwanga uipitie kwa ubavu.

Ulikuwepo.

Nikaenda shuleni nikikimbia, mwanamke mzima na shela yake. Makoleo yalikuwa yameegemezwa ukutani tayari.

Nilisema yote, Tiopira. Nilisimama katikati ya watu wetu nikasema kwa lugha yetu, kwanza, kabla ya jaji, kwa kuwa deni halikuwa la jaji. Nikasema makaburi yalichorwa. Nikasema niliyeomba yafutwe ni mimi. Nikasema yalifutwa kwa kitu gani. Mkalimani, mtoto wa kwetu, alitafsiri vizuri mpaka alipofika kwenye mkate, akaishiwa na sauti. Nikamalizia mwenyewe kwa Kiingereza. Sikumtazama mama yako. Nilisikia tu shali yake ikivutwa.

Jaji akaichukua karatasi, akaishika mbele ya uso. "Sioni kitu, mama."

"Ukiishika hivyo huwezi kuona. Ilaze. Isogeze dirishani."

Akailaza. Jua la asubuhi lilikuwa bado chini, likapita juu ya karatasi bila kuigusa sana. Mkate ulikuwa umechukua weusi wa penseli. Mifereji ya ule mkono mzito haukuiweza. Uzio ukainuka, fito kwa fito. Baba yako akainuka. Wazee wakainuka. Na pembeni, ubao mmoja umeinamisha kichwa. Jaji aliinama mpaka pua ikakaribia, akamwita karani wake aone. Jina la Bwana Ansell lilikuwa pembeni na mwaka wake, na mkono uliochora fito ndio uliochora kanisa.

"Mtu yeyote anaweza kukwaruza karatasi," Pritchett akasema.

"Anaweza," jaji akasema. "Lakini mkono huu ni wa mchoraji mwenyewe, na mwaka ulioandikwa hapa ni wa kabla wewe hujakidai kilima." Akaagiza makoleo yarudishwe ghalani. Kilima kikaandikwa nje ya mpaka wa kondoo, na kanisa lako pamoja nacho.

Ungetegemea shangwe. Watu walitoka nje polepole, kila mmoja akapita kwenye pipa la maji akanawa, na aliyenipita hakunigusa bega wala hakunisonya. Paratene alisimama mbele yangu muda mrefu akitafuta mzaha, akaukosa.

Mama yako aliomba apewe karatasi. Macho yake hayaoni vitu vyembamba tena, kwa hiyo hakuipeleka dirishani. Aliilaza mapajani, akapitisha kidole. Kikatembea kilimani, kikakwama, kikatembea, kikasimama.

"Huyu hapa," akasema. "Kichwa upande. Hata mdogo alikuwa analala hivi." Kidole hakikuondoka. Akasema tena, hakumwambia mtu, "Mkate umemshindwa."

Nikapiga magoti. Nikamwambia, "Mama."

"Nimesikia, Pirihira," akasema. "Ulisema kwa sauti, nimesikia vizuri."

Karatasi ilizikwa kilimani jioni ileile. Wazee waliiombea kwanza, wakaipitisha kwenye maji, wakaona inafaa; jambo nililoshindwa miaka yote lilichukua muda wa kuimba nyimbo mbili. Sikushika koleo, wala hakuna aliyenipa.

Halafu tukaenda kula. Niliketi mahali pangu, kando ya mama yako, nikavuta sahani yake, nikaanza kumtolea miiba. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa mwepesi, wala haukuwa na hasira.

"Acha. Nitatoa mwenyewe."

"Mama, huoni."

"Sioni." Akaisogeza sahani upande wake. "Sina kinyongo na wewe, mwanangu. Umemrudisha. Ila mdomo unakataa, na mdomo huu haujawahi kunisikiliza hata siku moja."

Akala kwa kidole na ulimi, taratibu, akitema miiba mikononi, akikosea, akikohoa, akianza tena. Paratene aliinua macho kunitazama, akayateremsha. Mimi nilikaa pale na mikono yangu miwili mizima, haina kazi.

Asubuhi nyingine imekuja, Tiopira. Nafagia chini, napangusa viti, nafuta vioo, na sasa naweza kutazama juu. Juu ya nguzo yako hakuna kitu ila vumbi lenye umbo la karatasi. Mwanga umeingia kwa ubavu. Umefika kwenye nguzo ya tatu, umezisoma kazi zako, umetelemka kwenye mpini wa ufagio ukanikuta mimi, na kwenye mikono yangu kila mfereji umesimama. Nimeiacha hapo nikaitazama.

Baadaye jua litapanda. Nguzo itakuwa laini tena, mikono itakuwa mikono tu, na mgeni akipita atasema hapa hapana kitu. Nitafunga mlango, nitanawa kwenye pipa, nitakwenda kumpikia mama yako. Samaki nitampelekea na miiba yake.